Dondoo muhimu: Kabla hujalichokonoa gitaa lako la umeme

Anza na nyuzi mpya, kisha nyoosha shingo na urekebishe kimo cha nyuzi. Malalamiko mengi huishia hapo. Gitaa la Stratocaster au Les Paul la miaka ya 1950 usiliguse: ukilipaka rangi upya tu, bei inaporomoka. Gitaa la kawaida la kiwandani, haya, lichezee. Mpiga gitaa Eddie Van Halen aliunga lake kwa vipande, akachonga mbao ili pikapu ya Gibson iingie (kinasa mtetemo wa nyuzi, si gari, jamani!). Mimi ningebadilisha pikapu na swichi, lakini kutoboa mbao ningefikiria mara mbili. Piga picha nyaya kabla ya kuwasha pasi ya kulehemu, na vipuri vya zamani vitie kwenye bahasha, pamoja na skrubu zake. Siku ukiliuza, mnunuzi atakuja kuviulizia.