Noti za juu kwenye tarumbeta: kasi ya pumzi kwanza

Kama unapiga sauti ya kwanza kwenye kundi la matarumbeta, shida unaijua. Ubeti wa tatu unaanza, wimbo unapanda, na noti iliyotoka safi mazoezini sasa inatoka nyembamba na kubanwa. Hapa Rungwe hilo si jambo dogo. Wamoravian walifika mwaka 1891, na kanisa lao linapuliza vyombo vya shaba tangu karne ya 18 kule Herrnhut, Ujerumani. Waimbaji wanaifuata sauti yako. Fanya hivi.

Pasha chombo moto. Asubuhi za Juni na Julai hapa Tukuyu ni za baridi kali, na chombo cha baridi hushusha sauti. Puliza pumzi ya vuguvugu ndani ya tarumbeta bila kupiga noti. Kisha piga noti ndefu za katikati, polepole, kwa dakika tano. Baada ya hapo ndipo ulinganishe sauti na wenzako.

Suuza kinywa. Umetoka kunywa chai ya sukari? Sukuta kwa maji safi kwanza. Utamu na makombo huishia kwenye mirija na valvu.

Jaza pumzi chini. Weka kiganja juu ya kitovu. Ukivuta pumzi, kiganja kisukumwe mbele na mabega yatulie. Mabega yakipanda, umejaza nusu tu.

Ongeza kasi ya pumzi. Jipime hivi: shikilia kipande cha karatasi ukutani, kiachie, kisha kizuie kisianguke kwa kupuliza tu. Mkondo ule mwembamba, wa kasi na usiokatika ndio unaoutaka kwenye noti za juu.

Tumia ulimi. Noti ya chini, weka ulimi kama unasema "aaa". Ya katikati, "eee". Ya juu, "iii". Ulimi ukipanda, njia ya hewa inakuwa nyembamba na pumzi inaongezeka kasi.

Usikandamize. Sauti hutokana na midomo kutetemeka. Ukiikandamiza kwa mausipisi (kipande cha kupulizia), inashindwa kutetemeka na inachoka upesi. Angalia mkono wa kulia: kile kidole cha mwisho kikiwa ndani ya ndoano ya kidole, ndicho kinachovuta tarumbeta usoni. Kitoe, kiweke juu ya ndoano. Ukimaliza wimbo, jitazame kwenye kioo. Alama nzito ya duara mdomoni inamaanisha bado unabana.

Kaza pembe za mdomo, acha katikati laini. Usivute midomo kama unatabasamu. Inakuwa myembamba, na sauti nayo inakuwa hivyohivyo.

Panda nusu sauti kwa nusu sauti. Anza na G ya mstari wa pili. Panda kwa sauti ndogo, bila kukata noti kwa ulimi. Ukifika noti inayokonda, rudi moja nyuma na uishikilie mpaka ijae. Kesho ijaribu tena ile ya juu yake.

Sikiliza E ya nafasi ya nne. Ikipigwa bila kubonyeza valvu, huelekea kushuka kidogo. Ifikirie juu kabla hujaipuliza, na uisaidie kwa pumzi.

Pumzika. Ukipiga dakika mbili, pumzika dakika mbili. Kwenye ibada ndefu au msiba, wawili mgawane beti za sauti ya kwanza. Anayepokezana na mwenzake humaliza akiwa na midomo yenye nguvu.

Safisha. Osha mausipisi kila wiki kwa maji ya vuguvugu na sabuni. Weka valvu mafuta. Mausipisi ikikwama, usiing'oe kwa koleo. Mpelekee fundi.

Nusu saa ya kila siku inajenga midomo zaidi kuliko saa nne za Jumamosi peke yake. Ongea na kiongozi wa kundi lenu: kila mazoezi yaanze na noti ndefu, nyimbo zifuate. Yakifanywa hivyo hadi Pasaka, sauti ya kwanza itafika juu ikiwa imejaa.