Kupotea kwa Upande Mmoja wa Kuona Baada ya Kiharusi

Jicho hupokea mwanga, lakini ubongo ndio unaoufasiri. Kwa hiyo mtu mwenye macho mazima aweza kupoteza sehemu ya kuona kwake endapo ubongo utajeruhiwa kwa kiharusi, uvimbe au pigo la kichwa.

Upande unaopotea

Upande wa kulia wa ubongo hushughulikia yanayoonekana kushoto, kwa macho yote mawili. Upande wa kushoto hushughulikia ya kulia. Wagonjwa wengi hudhani kwamba jicho moja limeharibika. Mgonjwa afunike jicho moja, kisha la pili: ikiwa upande uleule haupo kwa kila jicho, huenda chanzo kiko ubongoni.

Dalili nyumbani

Mgonjwa aweza:
• kugonga miimo ya milango upande mmoja;
• kuacha chakula upande mmoja wa sahani;
• kushtuka mtu anapotokea ubavuni;
• kupotewa na maneno asomapo. Asiyeona kushoto hukosa mwanzo wa mstari wa Kiswahili, lakini katika msahafu hukosa mwisho wake.

Mara nyingi mgonjwa haoni giza mahali palipopotea, hivyo huenda familia ikatambua kabla yake.

Uchunguzi

Daktari huketi mbele ya mgonjwa na kumtaka amtazame usoni bila kuhamisha macho. Kisha husogeza kidole kutoka pembeni, akipima jicho mojamoja. Baadaye hutumika mashine: mgonjwa hukazia macho nukta ya katikati na kubonyeza kitufe kila aonapo mwanga mdogo. Majibu yake huchora ramani ya sehemu zinazoonekana na zisizoonekana. Skani ya ubongo huonesha mahali palipojeruhiwa.

Kipimo hiki hutegemea mgonjwa kuelewa maelekezo. Familia iombe mkalimani mapema. Katika NHS huduma hiyo hailipiwi. Jamaa aliyeandamana na mgonjwa asimsaidie kujibu.

Mambo ya kuzingatia

Kuona kukipotea ghafla, uso ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, familia ipige 999 mara moja, hata kama dalili zimetoweka.

Miwani ya kawaida hairudishi upande uliopotea. Mafunzo ya kupeleka macho upande huo humsaidia mgonjwa kutembea na kusoma.

Aliyepoteza upande wa kuona haruhusiwi kuendesha gari, na sheria ya Uingereza humtaka aiarifu DVLA. Asiyeona upande mmoja hawezi kumwona mtoto anayevuka kutoka upande huo.