Viazi vya shimoni: chunga mawe, muhogo na kiporo

Msomaji, ukienda nyumbani mashambani Desemba, huenda ukatamani kuwaonyesha watoto waliozoea jiko la gesi jinsi viazi vinavyoiva ardhini bila sufuria. Upishi huu una wenyewe wengi duniani. Wamaori wa New Zealand huuita hangi, na nchini Peru, ambako huitwa pachamanca, viazi na mahindi mabichi hufukiwa pamoja na nyama.

Shimo la kufika magotini latosha. Koka moto wa kuni kavu, mawe yakiwa ndani yake, kwa muda wa saa mbili hivi. Ondoa vijinga vinavyofuka moshi, tandaza majani ya mgomba, panga viazi vitamu, boga na karoti, kisha funika kwa majani mengine na gunia la katani lililoloweshwa. Fukia kwa udongo mpaka mvuke usionekane ukitoka. Fukua baada ya saa mbili.

Faida yake ni kwamba chakula huiva kwa mvuke. Vitamini C huyeyuka majini, na anayechemsha mboga akamwaga maji humwaga sehemu ya vitamini hiyo. Lakini joto la muda mrefu nalo huiharibu, kwa hivyo sukuma wiki na mchicha viache jikoni.

Sasa hatari zake. Mawe ya mtoni huwa yamenyonya maji, na yakipata moto hupasuka na kurusha vipande vinavyoweza kutoboa jicho. Tumia mawe magumu, makavu. Mabaki ya mbao zilizotiwa dawa ya mchwa pia usiyachome, kwani baadhi ya dawa hizo zina aseniki, ambayo ni sumu.

Muhogo ni jambo jingine. Ule mchungu una sumu ya sayanidi ambayo haiishi kwa kuokwa tu. Huhitaji kumenywa, kulowekwa au kuvundikwa kwa siku kadhaa, kisha kukaushwa. Usioujua aina yake, usiufukie.

Lakini kinachosahauliwa zaidi ni kiporo. Mwaka 1994 mjini El Paso, Marekani, watu 30 waliugua baada ya kula mkahawani chakula kilichotengenezwa kwa viazi vilivyookwa ndani ya karatasi ya aluminiamu, kisha vikaachwa siku kadhaa bila kuwekwa kwenye friji. Mbegu za bakteria wa udongoni hustahimili joto la maji yanayochemka, na panapokosekana hewa huota na kutoa sumu inayolemaza misuli, hata ile ya kupumua. Shimo lililopoa likiwa bado limefukiwa lina hali hiyo hiyo: unyevu, uvuguvugu na hewa haba.

Basi usiache viazi humo hadi asubuhi, wala usivifukie ndani ya karatasi hizo. Fukua vyote vingali moto, mle. Vitakaovyobaki vitoe majanini na viingie kwenye friji katika muda wa saa mbili. Kama hakuna friji, waiteni majirani jioni ile ile.