Kimbunga Hupita, Ugonjwa Hubaki: Kumwandaa Mgonjwa wa Mwambao

Tarehe 20 Septemba 2017 kimbunga Maria kilikipiga kisiwa cha Puerto Rico. Kwa miezi mingi idadi rasmi ya waliokufa ilikuwa watu 64. Mwezi Agosti 2018, baada ya uchunguzi wa Chuo Kikuu cha George Washington, serikali ya kisiwa hicho ilikubali makadirio mengine: watu 2,975. Tofauti ya namba hizo mbili haikutokana na upepo pekee. Wengi walifariki katika wiki na miezi iliyofuata, umeme ukiwa umekatika, barabara zimefungwa na huduma za tiba zimesimama. Mwenye kuhitaji oksijeni alikosa umeme wa kuendeshea mashine, na mwenye kisukari alikosa insulini au mahali pa kuihifadhi.

Hilo ndilo somo la makala hii. Kwa mtu mwenye afya njema, kimbunga ni jambo la siku moja au mbili. Kwa mwenye ugonjwa wa kudumu, hatari huanza pale upepo unapotulia. Kwa hiyo maandalizi yake yapimwe kwa idadi ya siku anazoweza kuishi bila kufika kliniki, pamoja na uimara wa paa lake.

Hatari katika pwani yetu

Vimbunga ni nadra katika pwani ya Tanzania na Kenya kwa sababu pwani hizo ziko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hauupi upepo msukumo wa kutosha wa kujisokota. Nadra, hata hivyo, si muhali. Mwaka 1872 kimbunga kiliiharibu vibaya Zanzibar na kuangusha mikarafuu na minazi yake. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilielekea Mtwara kabla ya kutua kusini ya mpaka, katika jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji. Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia na kupungua nguvu, lakini mvua zake ziliikata barabara kuu iendayo Lindi na Mtwara katika wilaya ya Kilwa, na wasafiri wakakwama kwa siku kadhaa.

Achukuliwe kwa mfano kijana wa miaka 14 anayeishi Mafia na mwenye kisukari cha aina ya kwanza. Bahari ikichafuka, chombo cha kwenda Nyamisati hakiondoki. Ikiwa chupa yake ya insulini imebakiza siku mbili, basi dhoruba iliyodhoofika kabla ya kufika nchi kavu yaweza kumuua vilevile. Mwili usiopata insulini kabisa hujaa asidi ndani ya siku chache, pengine hata moja. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kutapika, maumivu ya tumbo na kupumua kwa kasi na kwa kina.

Siku za onyo

Wahenga walisema ajali haina kinga, lakini kimbunga hupiga hodi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huweza kukifuatilia siku kadhaa kabla hakijafika. Siku hizo ni za tiba, na zitumike hivi:

1. Dawa. Mgonjwa awe na dawa za wiki mbili zaidi ya siku ya kliniki yake ijayo. Asiyekuwa nazo afike kituoni mara onyo linapotolewa. Dawa za kifafa, za kufubaza Virusi vya UKIMWI, za kifua kikuu, za moyo na za shinikizo la juu la damu zisikatizwe. Kuacha ghafla dawa ya kifafa kwaweza kuleta degedege zisizokoma, na baadhi ya dawa za shinikizo zikiachwa ghafla huipandisha damu kuliko awali.

2. Karatasi. Jina la ugonjwa, majina na vipimo vya dawa, mzio na namba ya simu ya ndugu viandikwe kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo, kadi ya kliniki na dawa vifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kisha viwekwe kwenye ndoo yenye mfuniko. Simu iliyoishiwa chaji haina kumbukumbu.

3. Mahali. Mjamzito aliyekaribia kujifungua, anayesafishwa damu na anayetegemea oksijeni wahamie karibu na hospitali kabla barabara hazijakatika. Kuwabeba wakati wa dhoruba ni kuwahatarisha wao na wabebaji.

4. Maji na chakula. Maji ya kunywa yajazwe kwenye vyombo safi vyenye mifuniko, na chakula kisichohitaji kupikwa kiwekwe akiba. Mwenye kisukari awe na sukari au asali karibu kwa ajili ya kushuka kwa sukari mwilini.

Ushauri hutofautiana kwa ugonjwa

Kosa la kawaida la mhudumu ni kuwapa wote maelekezo yaleyale. Mgonjwa wa selimundu anatakiwa kunywa maji kwa wingi na kujikinga na baridi na nguo mbichi, kwa maana ukavu wa mwili na ubaridi huchochea maumivu makali. Mgonjwa wa figo anayesafishwa damu anatakiwa kinyume chake. Aombe asafishwe mapema kabla ya dhoruba, kisha apunguze maji na chumvi kwa kiwango alichoelekezwa na kliniki yake. Ajihadhari pia na vyakula vyenye madini mengi ya potasiamu, kama ndizi, machungwa na viazi ambavyo havikulowekwa. Kwake yeye maji ya dafu, ambayo baada ya dhoruba hupatikana chini ya kila mnazi ulioanguka, ni hatari: potasiamu ikizidi katika damu huweza kuusimamisha moyo.

Insulini nayo ina kanuni zake. Aina nyingi huweza kukaa nje ya jokofu kwa takriban wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30 za Selsiasi. Isigandishwe wala kugusana na barafu. Umeme ukikatika, ifungwe ndani ya chombo kikavu na kuwekwa katika chungu kidogo kilichomo ndani ya chungu kikubwa, na mchanga kati yake ukilowanishwa mara kwa mara. Hewa yenye unyevu hupunguza ubaridi wa chungu hicho, lakini chungu huikinga insulini na jua la siku zinazofuata. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza asiache insulini yote hata akikosa chakula. Dozi ya mlo ndiyo hupunguzwa, kwa maelekezo aliyopewa kabla.

Saa za dhoruba

Familia ikae katika chumba cha ndani, mbali na madirisha, au katika jengo imara lililotengwa. Anayeishi kwenye nyumba ya makuti au karibu na ufuo aondoke mapema. Upepo ukitulia ghafla asitoke, kwani huenda kitovu cha kimbunga ndicho kinachopita, na upepo hurudi kwa nguvu kutoka upande mwingine.

Jiko la mkaa lisiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala jenereta isiendeshwe ndani ya nyumba au barazani. Vyote viwili hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu kadhaa pamoja, watoke nje ya chumba hicho mara moja na kwenda penye hewa safi.

Wiki zinazofuata

Kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji, katikati ya Machi 2019. Mlipuko wa kipindupindu ulitangazwa tarehe 27 ya mwezi huohuo, chini ya wiki mbili baadaye. Maji ya kisima kilichofurika yahesabiwe kuwa machafu hata yakionekana maangavu. Yachemshwe mpaka yatokote kwa angalau dakika moja, au yatibiwe kwa dawa ya klorini kwa kufuata maelezo yake.

Anayeharisha apewe maji ya ORS mara moja. Paketi zikikosekana, lita moja ya maji safi ichanganywe na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vikiwa bapa. Anayeharisha majimaji mengi mfululizo apelekwe kituoni bila kusubiri. Jeraha la bati au msumari lioshwe kwa maji mengi safi na sabuni, na kinga ya pepopunda iangaliwe. Waya ulioanguka usiguswe. Homa yoyote ipimwe malaria, maana madimbwi huzaa mbu wiki chache baada ya mvua.

Wajibu wa kituo

Kituo kiwe na orodha ya wagonjwa wake wasioweza kungoja: wa insulini, wa figo, wa oksijeni, wa kifafa na wajawazito wa miezi ya mwisho. Orodha iandikwe kwenye karatasi, pamoja na kijiji na jina la mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayemfahamu kila mmoja. Onyo likitolewa, dawa zigawiwe mapema, mitungi ya oksijeni ijazwe, mafuta ya jenereta yapimwe, na chanjo ziandaliwe kuhamishiwa kwenye masanduku ya baridi. Dhoruba ikipita, orodha hiyohiyo ndiyo iongoze ziara za kwanza. Aliye kimya asidhaniwe kuwa salama.

Maswali ya kujipima

1. Mgonjwa anayesafishwa damu amekwama siku ya tatu kijijini, na jirani anamletea madafu. Ashauriwe nini, na kwa nini?

2. Mama ana mtoto mwenye kifafa na vidonge vya siku nne. Onyo la kimbunga limetolewa leo asubuhi. Afanye nini kabla ya jioni?

3. Je, ni wagonjwa gani wa kituo chako watakaokuwa hatarini barabara ikikatika kwa siku saba? Ikiwa majina yao hayaandikiki papo hapo, hapo ndipo maandalizi yaanzie.