Muundo wa Utafiti na Uzito wa Matokeo Yake: Mifano Mitatu kutoka Afya ya Akili ya Watoto na Vijana

Utangulizi

Matokeo ya utafiti wa kisaikolojia huwafikia wagonjwa na wahudumu wa afya yakiwa yamefupishwa mno: dawa fulani hutibu sonona, mateso ya utotoni huleta maradhi ukubwani. Kauli kama hizo hazielezi jinsi ushahidi ulivyopatikana, ilhali jinsi hiyo ndiyo inayoamua uzito wa kauli yenyewe.

Katika jaribio kamili, mtafiti hubadilisha jambo moja kwa makusudi, huwagawa washiriki katika makundi kwa bahati nasibu, kisha hulinganisha makundi hayo. Bahati nasibu huyafanya makundi yakaribiane kwa wastani, hata katika sifa ambazo mtafiti hazijui. Kwa hiyo, tofauti inayojitokeza baadaye inaweza kuhusishwa na jambo lililobadilishwa. Hata hivyo, si kila swali linaruhusu njia hiyo, na si kila jaribio huishia kwenye jambo moja. Somo hili linaeleza miundo mitatu kwa kutumia tafiti tatu zilizofanyika Marekani.

Utafiti usio wa majaribio

Katika muundo huu mtafiti habadilishi chochote. Hupima mambo yalivyo na kutafuta uhusiano baina yake. Hutumika hasa pale ambapo kufanya jaribio ni kinyume cha maadili. Hakuna anayeweza kuwagawa watoto ili baadhi yao wateswe.

Mwaka 1998, Vincent Felitti, Robert Anda na wenzao walichapisha matokeo ya dodoso lililojibiwa na watu wazima 9,508 huko San Diego. Waliulizwa kuhusu aina saba za mikasa ya utotoni, zikiwamo kupigwa, kudhalilishwa kingono na kuishi na mlevi. Zaidi ya nusu walikuwa wamepatwa na angalau aina moja. Ikilinganishwa na wale ambao hawakupatwa na hata moja, waliopatwa na aina nne au zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi, kwa mara 4 hadi 12, ya ulevi, matumizi ya dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua.

Uhusiano huu ni mzito, lakini una mipaka. Washiriki walitegemea kumbukumbu, na mtu mwenye sonona huenda akayakumbuka machungu ya zamani kuliko mwenye furaha. Aidha, umaskini au maradhi ya kurithi katika familia yanaweza kuchangia mikasa ya utotoni na maradhi ya ukubwani kwa pamoja. Jambo la tatu la namna hiyo huitwa kivurugi. Tena, hatari ya kundi si hukumu ya mtu mmoja. Mgonjwa aliyeteswa utotoni hapaswi kuambiwa kwamba ugonjwa ulikuwa haukwepeki, wala mwenye sonona asidhaniwe kuwa lazima aliteswa. Matokeo haya yanamtaka mhudumu aulize kwa staha na asikilize.

Utafiti wa nusu-jaribio

Hapa kuna badiliko halisi na kuna makundi ya kulinganishwa, ila mgawanyo haukufanywa kwa bahati nasibu. Wakati mwingine badiliko huletwa na sera, sheria au tukio lisilotokana na mtafiti.

Mwaka 1993, Jane Costello na wenzake walianza kuwafuatilia watoto 1,420 wenye umri wa miaka 9 hadi 13 katika maeneo ya vijijini ya North Carolina. Robo yao walikuwa Wahindi Wekundu. Baadaye nyumba ya kamari ilifunguliwa katika ardhi ya Wacherokee, na sehemu ya faida ikaanza kugawiwa wanajamii wote wa kabila hilo. Baadhi ya familia zikatoka katika umaskini. Nyingine zikabaki humo.

Kabla ya hapo, watoto maskini walikuwa na dalili nyingi za matatizo ya akili kuliko wasio maskini. Baadaye, dalili za ukaidi na utovu wa nidhamu miongoni mwa watoto ambao familia zao zilitoka katika umaskini zilishuka hadi kufikia kiwango cha wale ambao hawakuwahi kuwa maskini. Dalili za wasiwasi na sonona hazikubadilika. Uchambuzi ulionesha kuwa sehemu kubwa ya nafuu hiyo iliambatana na wazazi kuweza kuwaangalia watoto wao vizuri zaidi.

Nguvu ya utafiti huu ni kwamba fedha zilitolewa kwa misingi ya kabila, si kwa bidii ya mzazi, na vipimo vilikuwapo kabla na baada ya badiliko. Nusu-jaribio lisilo na kundi linganishi ni dhaifu zaidi. Mathalani, kliniki ikipima dalili za wagonjwa siku wanapofika na tena baada ya miezi miwili ya ushauri nasaha, nafuu itakayoonekana haitathibitisha kuwa ushauri ndio uliowasaidia. Watu wengi huja hospitali hali ikiwa mbaya kabisa, na baadhi yao wangepata nafuu hata bila huduma hiyo.

Muundo wa fakitoria

Muundo wa fakitoria huchunguza mambo mawili au zaidi kwa wakati mmoja kwa kuyachanganya katika kila namna. Kwa dawa na tiba ya mazungumzo hupatikana makundi manne: lenye vyote viwili, lenye dawa pekee, lenye mazungumzo pekee, na lisilo na chochote kati ya hivyo. Faida yake kuu ni kuonesha athari ya mwingiliano, yaani iwapo jambo moja hubadilisha nguvu ya lingine.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 ulikaribia muundo huo. Vijana 439 wa miaka 12 hadi 17 wenye sonona waligawanywa kwa bahati nasibu. Baada ya wiki 12, waliopata nafuu walikuwa asilimia 71.0 kwa fluoksetini pamoja na tiba ya fikra na mwenendo, 60.6 kwa fluoksetini pekee, 43.2 kwa tiba hiyo pekee, na 34.8 kwa kidonge kisicho na dawa. Mawazo ya kujiua yalipungua katika makundi yote, na zaidi katika kundi la tiba zote mbili.

Hesabu inafundisha. Dawa iliongeza asilimia 25.8 juu ya kidonge tupu, na mazungumzo 8.4, jumla ya nyongeza hizo ingefikisha 69.0. Matokeo halisi, 71.0, hayako mbali. Yaelekea tiba hizo zilijumlishana zaidi kuliko kuzidishana. Hata hivyo, fakitoria haikukamilika: waliopata mazungumzo pekee hawakupewa kidonge tupu, na waliopata tiba zote mbili walijua kwamba wanameza dawa halisi. Matarajio yao huenda yalichangia nafuu.

Hitimisho

Utafiti usio wa majaribio huonesha uhusiano. Nusu-jaribio hukaribia sababu kwa kadiri makundi yanavyolinganika. Fakitoria yenye bahati nasibu hupima sababu kadhaa na mwingiliano wake. Kila matokeo mapya yanapotangazwa, inafaa kuuliza maswali matatu: Je, kuna kilichobadilishwa? Nani aliamua nani awe kundi gani? Kundi linganishi lilipata nini? Mgonjwa ana haki ya kuyauliza, na mhudumu ana wajibu wa kuyajibu kabla tiba haijaanzishwa, haijabadilishwa au haijasitishwa.