Nidhamu ya Anayevaa Maskoti: Mafunzo kutoka Mwambao wa Nyasa

Maskoti ni kiumbe wa mfano, aghalabu mnyama, ambaye mtu huvaa umbo lake ili kuiwakilisha timu mbele ya watazamaji. Kombe la Dunia la wanaume lilimpata wa kwanza mwaka 1966 nchini Uingereza, naye alikuwa simba aliyeitwa World Cup Willie; fainali hizo zilipofika Afrika mwaka 2010, Afrika Kusini ilimchagua chui, Zakumi. Katika mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma, Tanzania, kijana wa kata ya Chiwanda anayeombwa kuvaa vazi la namna hiyo kwenye michezo ya shule za msingi, UMITASHUMTA, au ya sekondari, UMISSETA, anaweza kudhani kwamba kazi hiyo haina mizizi kwao, ilhali ukanda mzima unaomzunguka una ujuzi wa muda mrefu wa mchezaji aliyefunikwa.

Ng'ambo ya ziwa, Wachewa wa Malawi wana Gule Wamkulu, ngoma ya vinyago iliyoingizwa na UNESCO mwaka 2008 katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Upande wa mashariki, Wamakonde wana mapiko, ambamo mvaaji wa kinyago hapaswi kutambulikana. Kutoka huko hupatikana kanuni ya kwanza, nayo ndiyo nzito kuliko zote: aliyevaa haneni, havui kichwa mbele za watu wala hajitangazi, kwa kuwa mara sauti ya jirani inayofahamika inapotoka mdomoni mwa simba, simba huyo amekwisha. Ngoma ya mganda, iliyochipuka kutokana na beni na kuiga gwaride la kijeshi la enzi za ukoloni, inafundisha upande wa pili wa kazi hii, yaani utii kwa kiongozi wa safu na mwendo unaosomeka kutoka mbali.

Kwa sababu uso wa vazi haubadiliki, hisia zote hubebwa na mabega, mikono na magoti. Furaha huonyeshwa kwa mikono iliyoinuliwa juu ya kichwa na kushikiliwa hapo kitambo. Huzuni, kwa kiwiliwili kizima kuinama. Ishara ndogo ya vidole haimfikii aliyeketi chini ya mwembe upande wa pili wa kiwanja.

Watoto wanahitaji uangalifu wa pekee. Mvaaji huona kupitia wavu mwembamba, mara nyingi mdomoni mwa mnyama, na hivyo aliye karibu na miguu yake haonekani kabisa. Anapomkabili mtoto mwenye hofu, husimama mbali, hupiga goti akiwa ameelekea kando, hunyoosha kiganja, kisha husubiri. Mtoto akirudi nyuma, maskoti naye hurudi nyuma. Kumkimbilia, hata kama watu wazima wanacheka, ni ukatili. Vivyo hivyo wapinzani hutaniwa bila kuguswa, majeruhi hafanyiwi mzaha, na mpira unapochezwa maskoti hukaa nje ya mistari, kwani mwamuzi ana mamlaka ya kusimamisha mchezo pale mtu wa nje anapouingilia.

Hatari kubwa zaidi ni joto. Mwambao wa Nyasa uko chini sana ukilinganishwa na milima ya Mbinga, na jua la Oktoba hapo ni kali hata kwa aliyevaa shati jepesi, sembuse aliyezungukwa na sifongo na manyoya ya bandia. Dakika 15 za kucheza zafaa kufuatwa na mapumziko kivulini, kichwa kikiwa kimevuliwa faraghani na maji yakinywewa kabla ya kiu. Kizunguzungu, kichefuchefu au maneno yasiyoeleweka ni dalili za mwili kuzidiwa na joto: vazi livuliwe papo hapo bila kujali siri, mwili ulowanishwe na kupepewa, na mgonjwa apelekwe kituo cha afya.

Kwa hiyo msindikizaji asiyevaa vazi, anayemshika mkono mvaaji, kuwazuia wanaomvuta mkia na kuhesabu dakika, si anasa. Timu isiyoweza kutoa mtu huyo pamoja na maji na kivuli haistahili kumvika kijana yeyote maskoti.