Dondoo Muhimu: Bima ya safari kwa mzazi mwenye presha au kisukari

Mzazi anakwenda kuwaona wajukuu Ujerumani au Ufaransa? Zingatieni haya kabla ya kulipia bima.

• Kiwango. Viza ya Schengen, inayotumika kuingia nchi hizo, hudai bima ya angalau yuro 30,000, kwa nchi zote za Schengen na siku zote za safari. Igharamie matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, awe hai au amefariki. Uingereza haimo katika Schengen.

• Maradhi ya zamani. Bima inayotosha kwa viza huenda isilipie ugonjwa aliokuwa nao kabla ya safari, au ikaulipia kwa kiasi kidogo. Mwulize wakala: "Presha ikimpanda ghafla akiwa huko, mtalipa?" Jibu liwe la maandishi.

• Umri. Ada hupanda kadiri umri unavyosonga, na baadhi ya kampuni zina ukomo. Linganisheni kampuni mbili tatu.

• Msifiche kitu. Tajeni kila ugonjwa, upasuaji na dawa iliyobadilishwa karibuni. Mkificha, kampuni inaweza kukataa dai lote.

• Dawa. Abebe za kutosha na akiba, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya kitabibu, si ya kibiashara tu. Insulini iwe kwenye mkoba wa mkononi. Ndani ya mizigo inaweza kuganda.

• Simu ya dharura. Namba ya bima iwe kwa mzazi na kwa mwenyeji wake. Akiugua, kampuni iarifiwe mapema, na kila risiti itunzwe.